Insulini Mbili kwa Mlo Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kutuliza Sukari Baada ya Kula

Wapo wagonjwa wengi wa kisukari ambao asubuhi kabla ya kula wanapima na kupata 6, wanamshukuru Mungu, wanakunywa chai na chapati mbili, kisha wakipima tena baada ya masaa mawili mashine inaonyesha 15. Kesho yake wanaongeza insulini. Bahati mbaya wanaongeza kwenye chupa isiyohusika, na saa kumi jioni wanatetemeka shambani au ndani ya daladala. Mwongozo huu nimewaandikia wao: wanaochoma insulini za aina mbili, au ile iliyochanganywa tayari kiwandani, na wanaotaka kujua kila aina inafanya kazi saa ngapi.

Kabla hatujaanza, tukubaliane jambo moja. Dozi zote utakazoziona hapa ni za kusomea tu. Dozi yako anapanga daktari wako, iwe hospitali ya KCMC, Mawenzi au Mount Meru, au kituo cha afya cha kata yenu. Lakini mgonjwa anayeelewa anachochoma hufika kliniki na maswali ya maana, na hata nyumbani usiku wa manane hawezi kujidhuru kwa kubahatisha.

Kila chupa na saa zake

Kongosho la mtu asiye na kisukari hufanya kazi mbili. Humwaga insulini kidogo kidogo mchana na usiku, hata mtu akiwa amelala, halafu humwaga nyingi kwa mkupuo kila anapokula. Tunapochanganya insulini tunajaribu kuiga kazi hizo mbili.

Ya kwanza ni insulini ya muda mfupi, angavu kama maji. Madukani utaikuta kwa majina kama Actrapid au Humulin R, na rangi yake ya utambulisho ni njano. Inaanza kazi kama dakika 30 baada ya kuchoma, inakuwa na nguvu zaidi kati ya saa la pili na la nne, na inaisha baada ya masaa 6 hadi 8. Hii ndiyo insulini ya chakula. Nitaiita ya maji.

Ya pili ni ya muda wa kati, nyeupe yenye ukungu: Insulatard, Humulin N. Rangi yake ni kijani. Weupe ule unatokana na protini iitwayo protamini iliyoungwa na insulini ili ichelewe kuyeyuka chini ya ngozi. Inaanza baada ya saa moja hadi mawili hivi, kilele chake ni kati ya saa la nne na la kumi, na inadumu masaa 12 hadi 18. Hii ni insulini ya msingi, ingawa kilele chake kinaangukia kwenye mlo wa mchana au katikati ya usingizi. Nitaiita ya maziwa.

Ya tatu ni hizo mbili zikiwa zimeshachanganywa: Mixtard 30 au Humulin 70/30, yenye alama ya kahawia. Kila uniti 10 ndani yake zina 3 za maji na 7 za maziwa. Wagonjwa wengi wanaotumia insulini ya hospitali za serikali wanaifahamu hii.

Zipo pia insulini mpya zaidi. Aspart na lispro huanza kazi ndani ya dakika 10 hadi 20, na huchomwa mtu akiwa ameshakaa mezani. Glargine hudumu karibu masaa 24 bila kilele kikubwa. Hapa naomba uangalifu wa pekee: glargine nayo ni angavu kama maji, lakini si insulini ya chakula, na haichanganywi na insulini nyingine yoyote kwenye bomba moja la sindano. Ukizoea kutambua chupa kwa kuangalia maji yake, siku moja utakosea. Soma jina kila mara, hata kama umechoma kwa miaka kumi.

Kila kipimo kina chupa yake

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Namba unayoiona kwenye mashine saa fulani ina insulini fulani inayohusika nayo. Kwa mtu anayechoma mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, ya maji pamoja na ya maziwa, mgawanyo uko hivi:

Sukari ya masaa mawili baada ya chai ya asubuhi, na ile ya kabla ya chakula cha mchana, zinasimamiwa na ya maji ya asubuhi.

Sukari ya baada ya chakula cha mchana na ya kabla ya chakula cha jioni inasimamiwa na ya maziwa ya asubuhi.

Sukari ya baada ya chakula cha jioni na ya wakati wa kulala ni kazi ya ya maji ya jioni.

Sukari ya alfajiri kabla ya kula chochote ni kazi ya ya maziwa uliyochoma jana jioni.

Mara nyingi mama anakuja kliniki na kusema, "Sista, nimeongeza ile nyeupe lakini sukari ya baada ya chai haitaki kushuka." Jibu ni lilelile: "Mama, saa hizo hiyo nyeupe inaanza tu kazi. Itakuja kukushusha saa tisa alasiri, wakati huna chakula tumboni."

Malengo ya kawaida kwa mtu mzima ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 masaa mawili baada ya kula, kwa kipimo cha mmol/L ambacho mashine zetu nyingi hutumia. Mashine yako ikikuletea namba kama 120 au 180, imewekwa kwenye mg/dL. Gawanya kwa 18 upate kipimo cha huku. Kwa wazee, watoto wadogo, wajawazito na wenye matatizo ya figo daktari anaweza kuweka malengo tofauti, na hayo ndiyo ya kufuata.

Mfano wa kilo 60

Tumchukue mama wa kufikirika anayekaa Majengo, Moshi, mwenye kilo 60. Daktari amempangia uniti 30 kwa siku: theluthi mbili asubuhi, theluthi moja jioni. Kwa hiyo anachoma Mixtard uniti 20 asubuhi na 10 jioni. Zile 20 za asubuhi, ukizipigia hesabu, ni 6 za maji na 14 za maziwa.

Kwa siku tatu daftari lake linaonyesha hivi: alfajiri 6.4, 6.8, 6.1. Masaa mawili baada ya chai 14.2, 13.6, 14.9. Kabla ya chakula cha mchana 8.9, 9.2, 8.7. Kabla ya chakula cha jioni 5.1, 4.8, 5.3.

Angalia vizuri. Alfajiri hakuna shida, jioni hakuna shida. Tatizo linaanzia kwenye chai na kuendelea hadi kabla ya chakula cha mchana, yaani ya maji ya asubuhi haitoshi. Sasa akiongeza Mixtard kutoka 20 hadi 24, ya maji itakwenda kama 7, na ya maziwa itakwenda kama 17. Ya maji imeongezeka uniti moja tu, ya maziwa tatu, na jioni tayari alikuwa 4.8. Atashuka, na atashuka akiwa barabarani anarudi sokoni. Hapo ndipo ule mchanganyiko wa kiwandani unapobana: huwezi kuinua kimoja ukaacha kingine.

Akiwa na chupa mbili, daktari anaweza kumwambia achome ya maji 8 badala ya 6, na ya maziwa zibaki zilezile 14. Jumla 22, lakini nyongeza yote imekwenda kwenye chai.

Ila kuna njia ya tatu, na kwa kweli mimi huianza hiyo kabla ya kugusa dozi: anakula nini saa ile, na alichoma dakika ngapi kabla? Kama alikuwa anachoma huku ameshika kikombe, basi uniti 6 hazijapewa nafasi. Na kama chai ina vijiko vitatu vya sukari, hakuna daktari atakayeishinda.

Kuna mtego mwingine. Tuseme baada ya chai ni 14 lakini kabla ya chakula cha mchana ni 4.9. Hapo usiongeze ya maji hata kidogo. Dozi inatosha, ila imechelewa kukutana na chakula: sukari imepanda insulini ikiwa bado inaanza, kisha insulini ikafika kileleni chakula kimeshaisha. Dawa yake ni kuchoma mapema zaidi, au kula chakula kinachosagika taratibu, au kupunguza kiasi cha asubuhi na kula kidogo saa nne. Watu wengi wameongezewa dozi kwa kosa la saa.

Dakika thelathini

Insulini ya maji na Mixtard huchomwa dakika 30 kabla ya kula. Si dakika tano, si ukishamaliza. Aspart na lispro ndizo zinazosubiri dakika chache tu au kuchomwa sahani ikiwa mbele yako. Daktari akikuhamishia huko, acha kabisa mazoea ya kusubiri nusu saa.

Kanuni hiyo ina masharti mawili. Kwanza, pima kabla. Ukiwa chini ya 4, tibu kwanza kushuka kwa sukari, ndipo upange habari ya kuchoma. Ukiwa 4 na kitu, fupisha kusubiri. Pili, usichome kama chakula hukioni. Umeme umekatika, jiko la mkaa linawashwa sasa hivi na maharage hayajaiva: subiri. Kwa mama lishe vilevile, agiza, uliza chakula kipo, kisha choma.

Kuchanganya kwenye bomba moja, hatua kwa hatua

Kuchanganya mwenyewe ya maji na ya maziwa kunakupunguzia sindano mbili kuwa moja. Inataka utaratibu uleule kila siku. Nitatumia mfano wa 6 za maji na 14 za maziwa.

1. Nawa mikono kwa sabuni na kausha. Weka chupa zote mbili mezani kwenye mwanga. Soma majina kwa sauti, hakuna aibu. Ya maji iwe angavu kabisa. Ikiwa na ukungu au chembe, itupe. Ya maziwa isiwe na mabonge wala utando uliogandia kwenye kioo.

2. Hakikisha bomba lako ni la uniti 100. Insulini ya siku hizi ina uniti 100 katika kila mililita, na chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000. Mabomba ya uniti 40 bado yapo kwenye maduka mengine. Ukivuta hadi alama ya 10 kwenye bomba la 40, umevuta uniti 25 kamili. Hilo linaua. Soma maandishi ubavuni mwa bomba, na hesabu mistari: kwenye bomba la mililita moja kila mstari kwa kawaida ni uniti 2, kwenye yale madogo ni uniti 1.

3. Viringisha chupa ya maziwa kati ya viganja polepole, mara 20, na kuipindua juu chini. Usiitikise kwa nguvu, italeta povu. Ukiacha hatua hii, leo utachoma maji matupu ya juu na wiki ijayo utachoma dawa nzito ya chini, na utabaki unashangaa sukari yako inavyoruka.

4. Futa vifuniko vya mpira kwa spiriti na uache vikauke.

5. Vuta hewa hadi 14, ingiza kwenye chupa ya maziwa ikiwa imesimama. Sindano isiguse dawa. Chomoa bila kuvuta chochote.

6. Vuta hewa hadi 6, ingiza kwenye chupa ya maji, ipindue, na uvute uniti 6. Ukiona mapovu, gonga bomba kwa ukucha, rudisha hewa, vuta tena hadi 6 kamili.

7. Rudi kwenye chupa ya maziwa, ipindue, vuta taratibu mpaka alama ya 20. Usisukume hata kidogo, kwa sababu ukisukuma unaingiza ya maji kwenye chupa ya maziwa. Ukipitiliza ukafika 22, usirudishe. Mwaga yote, anza upya. Najua inauma kumwaga dawa uliyonunua kwa hela ya mboga, lakini bomba lile halina tena dozi unayoijua.

8. Choma mara moja.

Ya maji inatangulia, ya maziwa inafuata. Sababu ni moja: tone la maziwa likiingia kwenye chupa ya maji, chupa nzima itaanza kuchelewa kufanya kazi, na insulini yako ya chakula itakuwa si ya chakula tena. Tone la maji likiingia kwenye maziwa madhara ni madogo zaidi.

Choma tumboni, vidole viwili kutoka kitovuni, kwa dozi inayobeba mlo, maana tumboni insulini hunyonywa haraka kuliko pajani au makalioni. Mwembamba ashike kinyama cha ngozi. Hesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa. Kila siku hama upana wa kidole. Wapo wanaochoma sehemu ileile kwa sababu imekufa ganzi, na hatimaye inavimba bonge laini. Ukichoma kwenye bonge, insulini hunyonywa inavyotaka yenyewe, na sukari baada ya kula haitatabirika. Papasa tumbo lako leo. Ukikuta bonge, lipumzishe, na mwambie daktari kabla, kwa sababu sehemu mpya inaweza kuhitaji dozi ndogo zaidi.

Sindano zilizotumika ziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, upeleke kituo cha afya ikijaa. Zisitupwe mgombani wanakopita watoto.

Chakula chetu na insulini

Huwezi kupanga insulini ya mlo kama mlo wenyewe unabadilika kila siku. Tafuta kibakuli kimoja kiwe cha ugali wako na wali wako. Kipande cha mkate, ndizi mbivu ndogo moja, au theluthi ya kikombe cha wali, kila kimoja kina karibu gramu 15 za wanga. Chapati moja kubwa inazidi vipande viwili vya mkate, kwa hiyo mbili na chai ya sukari ni mlo mzito ingawa watu huuita kifungua kinywa.

Ndizi ndizo chakula cha nyumbani kwa watu wengi wa Kilimanjaro na Meru, na sitaki mtu aambiwe aziache. Ila zina tabia tofauti kwa namna zinavyopikwa. Mtori, kwa kuwa ndizi zimepondwa laini, hupandisha sukari haraka kuliko machalari yenye vipande na nyama. Ndizi mbichi zina wanga unaosagika kwa taabu; zikiiva wanga ule unageuka sukari. Kama unapenda mtori asubuhi, kunywa bakuli moja, wacha nyama na mboga zijaze tumbo, na zile dakika 30 zitimie.

Makande yenye maharage mengi hupanda taratibu na yanakwenda vizuri na ya maji. Uji wa ulezi wenye sukari unakwenda mbio hata kama umeambiwa una lishe. Ugali wa dona una makapi zaidi ya sembe, lakini dona vibakuli viwili bado ni vibakuli viwili.

Chipsi mayai za jioni zina tabia ya kudanganya. Mafuta yanachelewesha tumbo, hivyo baada ya masaa mawili unaweza kuona 9 ukafurahi, kumbe sukari inapanda saa sita usiku. Nyama choma yenyewe haina wanga, ila ndizi za kuchoma na soda zinazoisindikiza zinao.

Mchana ni mahali penye pengo kwa wanaochoma mara mbili. Hakuna ya maji iliyochomwa kwa ajili ya ugali wa saa saba. Kilele cha ya maziwa ya asubuhi ndicho kinachoubeba. Maana yake mlo wa mchana usichelewe na usiwe mkubwa. Kama kazi yako haikupi saa ya uhakika, au sukari ya alasiri inazidi 12 kila siku, muulize daktari kuhusu utaratibu mwingine: ya maji kabla ya kila mlo, mara tatu, na ya maziwa wakati wa kulala. Ni sindano nne, lakini kila mlo unapata insulini yake.

Kupima kwa zamu

Vijiti vya kupimia ni ghali, na watu wachache wanaweza kupima mara nne kila siku. Pima kwa zamu. Jumatatu alfajiri na masaa mawili baada ya chai. Jumanne kabla na baada ya chakula cha mchana. Jumatano kabla na baada ya chakula cha jioni. Alhamisi anza upya. Masaa mawili yanahesabiwa tangu tonge la kwanza. Andika namba, saa uliyochoma, dozi zote mbili na ulichokula. Namba peke yake haina msaada kwa mtu anayekutibu.

Kipimo kimoja kibaya si sababu ya kubadili dozi. Subiri uone mtindo uleule mara tatu, saa ileile. Daktari akishakupa ruhusa ya kurekebisha mwenyewe, badilisha chupa moja tu, uniti 1 au 2, sawa na kama asilimia 10 ya dozi ile, kisha tulia siku tatu.

Na tafadhali, ukiona 14 baada ya kula usiongeze sindano nyingine ya maji palepale. Ile ya kwanza bado iko kazini hadi masaa 6 au zaidi. Ya pili ikiifuata zitakutana, na zote zitakushusha kwa pamoja. Walioletwa hospitali usiku hawajitambui, wengine walianza hivyo: namba ya saa tatu usiku iliwatisha.

Ukiamka na sukari ya juu mara kwa mara, pima siku moja au mbili saa tisa usiku. Ikiwa chini, ya maziwa ya jioni inakushusha usingizini. Ikiwa juu, inaisha kabla ya asubuhi. Kwa hali zote mbili daktari mara nyingi huihamishia ya maziwa saa nne usiku, na kuiacha ya maji peke yake na chakula cha jioni. Kwa Mixtard hilo haliwezekani.

Sukari ikishuka

Chini ya 4, au ukiona jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haifai. Pima baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini, ikipanda kula kitu. Asiyejitambua asinyweshwe chochote. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Wafundishe hili watu wa nyumbani na mwenzako wa kazini.

Anayemeza pia glibenclamide, maarufu kama Daonil, amwambie daktari, maana ikijumlishwa na insulini kushuka kunakuwa rahisi zaidi.

Sherehe, safari na mfungo

Sendoff na ubarikio wa kwetu una wageni wengi, hotuba nyingi na chakula saa nne usiku. Anayechoma ya maji peke yake kwa mlo wa jioni anaweza kuisubirisha hadi aone foleni ya chakula inasogea. Anayechoma Mixtard achome na kula nyumbani kwa saa yake, kisha kwenye sherehe aonje kidogo. Mbege na pombe nyingine huzuia ini kutoa sukari, kwa hiyo hatari ya kushuka inaendelea hadi asubuhi ya kesho yake. Desemba, ndugu wakirudi nyumbani Kilimanjaro kwa mapumziko na kila nyumba ina kibuyu cha mbege, usinywe tumbo tupu na usilale bila kupima.

Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, lakini foleni haijui hilo. Insulini na soda vikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe visiwe kwenye buti la basi. Siku ya kulima, kuvuna kahawa au kubeba mizigo, misuli inatumia sukari zaidi na hata usiku inaendelea. Muulize daktari upunguze ipi.

Anayetaka kufunga Ramadhani aende kliniki wiki kadhaa kabla, kwa sababu dozi za asubuhi na jioni hupangwa upya. Afuturu mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6.

Ukiugua homa, usiache insulini hata kama huna hamu ya kula. Ukitapika na sukari ikabaki juu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuitunza na joto

Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Iliyofunguliwa hukaa wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 30. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo. Arusha ndani ya nyumba yenye kivuli hilo si gumu. Moshi, Januari na Februari, chumba cha bati kinapita kiwango hicho mchana kweupe. Asiye na friji achukue vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, ajaze mchanga katikati, aulowanishe asubuhi na jioni, aweke chupa ndani ya mfuko mkavu na kufunika kwa kitambaa chenye unyevu. Maji yakigeuka mvuke, chungu kinapoa.

Sukari ikianza kupanda baada ya kila mlo bila wewe kubadili chochote, badilisha chupa kwanza kabla ya kubadili dozi.

Siku ya kliniki beba daftari, mashine yako, na chupa zote mbili zenyewe, zikiwa kwenye kivuli cha mkoba. Mwonyeshe daktari vipimo vya siku tatu mfululizo na umuulize maswali haya: ni ipi kati ya hizi inahusika na namba hii, naruhusiwa kubadilisha uniti ngapi bila kurudi hapa, na nikishuka chini ya 4 nipunguze ipi kesho yake. Mwombe akuandikie majibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.